Sheria ya Wanorwei, Barabara ya Jules

Mdogo wangu aliuawa mchana, siku ya vurugu dhidi ya wageni, katika chumba ambacho mpita njia asingejua kuwa kina mtu. Kilikuwa Malvern, Johannesburg, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Jules, na mlango wake, uliotokeza barabarani pembeni ya duka, ulikuwa wa bati nene kama wa gereji. Hakuweka kibao. Alikuwa fundi wa mafriji, na wateja wake walimpata kwa simu. Waliojua kwamba nyuma ya bati lile kuna kitanda, jiko la gesi na Mtanzania kutoka Muheza ni wale tu waliowahi kula naye humo ndani. Kundi la watu wenye marungu lilipoingia mtaani lilipita milango mingi iliyofanana na ule. Kwake lilisimama.

Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa na swali moja: nani aliwaonyesha mlango? Polisi walifungua jalada, kisha wakalifunga kwa kukosa shahidi. Mimi sikulifunga.

Katika kipindi hicho nilikuwa nikisoma habari za watu wa kaskazini ya Ulaya. Nieleze nilivyofika huko, maana mtu aliyeishia darasa la saba haamki tu akajikuta anasoma sheria za Wanorwei. Mimi ni fundi wa makochi, na karakana yangu iko Jeppestown. Mama mmoja wa Kinorwei, mjane, aliyebaki Johannesburg baada ya mumewe kumaliza kazi ya migodini na kufa, aliniita nivishe upya viti vyake vya mezani. Alikuwa na rafu ya vitabu vya Kiingereza kuhusu kwao. Aliponiona nasoma majina kwenye migongo ya vitabu, aliniuliza kama nataka kuazima kimoja. Nilisema ndiyo. Nilipokuwa mdogo Wafini walikuja kwetu kupima misitu ya Usambara, na sisi watoto tuliwafuata nyuma. Tulidhani ni watu ambao hawajui kukasirika. Mtu alipowaibia kamba za kupimia, walikunywa kahawa, wakaandika, wakaagiza kamba nyingine. Nilitaka kujua kama watu wa kaskazini ile wamezaliwa hivyo.

Hawakuzaliwa hivyo. Wazee wa Wanorwei walikuwa watu wa kisasi, na walikipangia kisasi utaratibu kama sisi tunavyoipangia mirathi. Sheria ya kale ya Norwei iliwatenganisha watu wawili ambao sisi tunawaita kwa jina moja: aliyeua akatangaza, na aliyeua akanyamaza. Wa kwanza alikuwa na kesi ya kujibu, na kesi huisha. Wa pili ndiye aliyeitwa muuaji. Sheria ilimfuata mtu mpaka njiani. Ukishaua, ulitakiwa uende nyumba ya kwanza utakayoikuta ukaseme ni mimi. Kama nyumba hiyo ni ya jamaa za marehemu, uliruhusiwa kuipita, kwa sababu wangekumaliza mlangoni. Ya pili hali kadhalika. Ya tatu hukuruhusiwa kuipita, iwe ya nani. Ukurasa huo niliusoma mara nyingi kuliko mwingine wowote, nimekaa juu ya kochi lililovuliwa kitambaa, wakati wa chakula cha mchana.

Wengi wao walihamia kisiwa cha Aisilandi, na huko hawakuwa na mfalme wala polisi. Kila kiangazi walikutana uwandani. Mtu mmoja alisimama akaisema sheria kwa kichwa, theluthi moja kila mwaka, hivyo aliyehudhuria miaka mitatu aliisikia yote. Baraza lilitoa hukumu, lakini kuitekeleza ilikuwa kazi ya aliyeshinda na ndugu zake. Hukumu nzito kuliko zote ilikuwa kumtoa mtu nje ya watu: asilishwe, asivushwe maji, asipewe shauri, asilazwe. Hukumu nyepesi ilikuwa miaka mitatu nje ya nchi. Huyo wa miaka mitatu alipewa njia ya kwenda kwenye chombo chake, na akiwa juu ya njia hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa.

Nilisoma haya kama mtu anayesoma maelekezo ya mashine aliyo nayo nyumbani.

Aliyejibu swali langu ni mama wa saluni, Mkongo wa Bukavu. Siku ya vurugu alikuwa na saluni ghorofani, upande wa pili wa barabara, baadaye alihama. Alileta karakanani benchi la wateja wake lililochanika, akakaa kunisubiri huku nikitoa misumari ya zamani. Tulizungumza habari za vitambaa, kisha akasema.

"Papa, ile siku nilikuwa kwa dirisha. Ni muuza nyama njo alionyeshaka mulango. Walikuwa wanapiga duka yake na manyundo, akatoka, akasema nao kidogo, akaonyesha na kidole. Duka yake wakaiacha."

Nilimwuliza kwa nini amekaa na jambo hilo muda wote huo. Alisema karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zinasubiri muhuri, na anayesubiri muhuri haendi kituo cha polisi kusema ameona. Kisha akaongeza, akitazama chini, kwamba kwenye maziko alimwona muuza nyama ameshika jeneza mbele, akakosa pa kuanzia.

Ni kweli alilishika mbele. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, duka lake la nyama ya halali lilikuwa milango miwili kutoka kwa mdogo wangu, na jioni nyingi walikula pamoja nyuma ya lile bati. Siku ya maziko alilia kwa sauti. Siku ya hitima alileta mbuzi mzima, akamkata kwa mkono wake, akanichagulia mimi kipande cha paja. Nilikula ile nyama. Nilimshukuru, nikamwombea baraka katika biashara yake.

Mama wa saluni alipoondoka niliitazama nyundo yangu ya misumari kwa muda. Niliiacha mezani. Nyundo ingempa yeye dakika chache na mimi miaka mingi. Nilitaka kinyume chake.

Nilikwenda kwa mama wa Kinorwei kurudisha kitabu, na kwa mara ya kwanza nilimweleza habari za mdogo wangu. Alikuwa muuguzi zamani, na alisikiliza kama anayehesabu mapigo. Nilimwuliza watu wa kwao sasa wanafanyaje. Alisema muuaji anapelekwa mahali penye chumba chake, dirisha, meza ya kusomea na jiko la kupikia pamoja na wenzake, ili siku akitoka awe jirani wa kufaa. Aliusema utaratibu huo kwa fahari kidogo.

"Na mama wa aliyeuawa?" nilimwuliza.

"Mji wetu ni mdogo. Anakutana naye dukani."

"Anafanya nini?"

"Anachagua viazi," alisema.

Nilimwambia kwamba wazee wake wangeona aibu. Hakukasirika. Alisema walikaa wanauana vizazi kwa vizazi kwa ajili ya maneno na malisho, mpaka wakachoka, wakaacha. Nilimjibu kwamba hawakuacha kwa kuchoka. Waliacha walipopata polisi anayekuja akiitwa. Hapo alicheka, kicheko kifupi, akanimiminia kahawa nyingine, na akanipa kitu ambacho hakikuwa katika kitabu chochote.

"Usidhani tumeacha kila kitu. Katika jengo nililokulia, mtu mmoja alimfanyia marehemu baba yangu ubaya. Hatukugombana. Watu wa ghorofa zote waliacha kuzungumza naye. Alikuwa akiingia kwenye lifti, watu wanatazama namba za ghorofa. Aliishi hivyo mpaka akahama."

"Alifanya ubaya gani?"

"Sikumbuki," alisema. "Nakumbuka namba za ghorofa."

Nikarudi Jeppestown najua la kufanya. Kisiwa kile hakikuwa na polisi, na Barabara ya Jules ni hivyo hivyo kwa watu kama sisi. Lakini tuna watu.

Jumapili moja baada ya adhuhuri niliwakusanya karakanani. Hatukuwa wengi: maalim wa Kizanzibari anayesomesha watoto wetu Kurani, mama wa saluni, fundi cherehani wa Kirundi ambaye duka lake liko jirani na la muuza nyama, na wenye nyumba wachache wa kwetu na wa Kongo. Nilikuwa nimemtuma yule Mrundi amwite muuza nyama aje ajibu, kwa sababu sheria ile haikuruhusu mtu kuhukumiwa bila kuitwa. Alirudi peke yake.

"Amesema ana nyama ya kukata," alituambia. "Nimemwambia na sisi tunayo."

Mama wa saluni alisimama akasema mbele ya wote aliyoyaona, safari hii bila kutazama chini. Muhuri wake ulikuwa umetoka. Mtu mmoja akauliza kama inawezekana yule bwana alikuwa anaonyesha kitu kingine. Mama akamjibu kwamba kulikuwa na ukuta, mlango na ukuta. Hakuna aliyeuliza tena.

Nilieleza ninachotaka. Tusinunue kwake, tusile naye, tusimwite kwenye harusi wala msiba, tusimpe shauri, tusimpe lifti. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua kidole.

"Muislamu hamhami nduguye zaidi ya siku tatu. Akikutolea salamu, utaitikia. Hilo silitoi, hata kwa ajili ya marehemu."

"Tutaitikia, maalim."

"Na baada ya kuitikia?"

"Hakuna kitu."

Alisema kununua nyama kwa mtu fulani si faradhi, na kula naye si faradhi. Mama wa saluni akauliza itakuwaje yule mtu akiwa na njaa. Mrundi akasema hajawahi kuona muuza nyama mwenye njaa, na watu wakacheka, mimi pia. Kisha nikaweka sharti la mwisho, ambalo wengine waliliona la ajabu: hukumu hii haina muda mpaka aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Akisema, tutakaa tena.

Watu wanaotenga mtu kimyakimya ni wengi. Mimi sikutaka iwe hivyo. Jumamosi iliyofuata, saa ambayo duka lake lina foleni, niliingia. Alikuwa anachambua utumbo.

"Kaka, karibu. Leo kuna maini mazuri."

Nilimwambia sikuja kununua. Nikasema, kwa sauti ambayo foleni yote iliisikia, kwamba siku ya vurugu aliwaonyesha watu mlango wa mdogo wangu, kwamba ameonekana, kwamba ameitwa hakuja, na kwamba kuanzia siku ile watu wetu wamemtoa. Nikamtajia kimoja kimoja alichokatazwa. Aliendelea kushika kisu lakini hakukata. Alisema watu wana chuki na biashara yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba mimi na yeye tumekula chumvi moja.

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe," nilimwambia.

Mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa mbele ya foleni alikuwa ameshapimiwa. Aliurudisha mfuko wake kwenye mizani, taratibu, kama anayerudisha kikombe cha watu, akatoka. Wengine wakamfuata. Wateja wasiotuhusu walibaki, wakauliza bei.

Sitasema kwamba miezi iliyofuata ilinihuzunisha. Niliifuata kama ninavyofuata gundi inavyokauka. Wenyeji walimnunulia kidogo, lakini wao wana mabucha yao. Duka lake lilitegemea sisi. Alianza kufunga mapema. Ramadhani ilipofika alikuja kufuturu msikitini, akatoa salamu, akaitikiwa na kila mtu, kisha mkeka aliokalia ukabaki wake peke yake na bakuli la tende. Mzee mmoja wa Tanga alipofariki mtaa wa La Rochelle, muuza nyama alipeleka mbuzi. Wafiwa walimwitikia salamu, wakaingia ndani. Mbuzi alifungwa kwenye geti, akala maua ya mwenye nyumba. Jioni mwenye mbuzi alirudi akamfungua, akaondoka naye kwa miguu mpaka kwenye robot, taa za barabarani, akasubiri ya kijani pamoja naye kama watu wengine. Nilihadithiwa hayo na watu kadhaa, na kila mara niliomba yarudiwe.

Mama wa Kinorwei alikuwa akifunga mizigo. Watoto wake walimtaka arudi kwao akaishi katika nyumba ya wazee, mahali ambapo, alisema, wauguzi hugonga mlango kabla ya kuingia na hakuna mtu mwingine anayegonga. Aliniachia vitabu vyote. Aliniuliza habari za muuza nyama, nikamweleza mpaka mbuzi. Hakucheka.

"Kwenye vitabu vile," alisema, "umeona ni wangapi walioridhika?"

Nilimwambia nimeona wachache.

"Na bado?"

"Na bado."

Alinishika mkono, akaniambia nikimaliza nimwandikie. Sijamwandikia.

Muuza nyama alikuja karakanani siku ya kazi, alasiri. Mrundi alikuwepo, amekuja kuazima mkasi mkubwa, na mama wa saluni alikuwepo na rafiki yake aliyeleta kiti. Alisimama mlangoni, nje ya kizingiti. Alikuwa amekonda. Alitoa salamu, tukaitikia. Kisha akasema, bila kutazama mtu.

"Ni mimi niliyeonyesha mlango."

Akaendelea kwamba walikuwa wameshavunja kufuli moja, kwamba walimwuliza wageni wengine wako wapi, kwamba kidole kilitangulia akili. Alidhani mdogo wangu hayupo, kwa sababu siku hiyo hakuwa amesikia redio yake. Alidhani wataiba mafriji waende.

"Ningefanya nini, kaka? Wangeniua."

"Ungekuja kuniambia jioni ile," nilimjibu. "Ningekuchukia, lakini ningejua ninamchukia nani. Wewe ulinikatia paja."

Alifunika uso kwa mikono. Mama wa saluni alianza kulia, na nadhani alilia kwa ajili ya wote wawili. Mimi nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu siku niliyomtazama mdogo wangu chini ya shuka, na lilipofika lilinipa nilichokitaka, moja kwa moja, kama maji ya baridi. Sikuona haya kwa hilo wakati ule, na sioni leo. Aliniuliza kama sasa imekwisha.

Nilimwambia imeanza. Kabla ya kusema, hukumu yake haikuwa na mwisho. Sasa itakuwa na mwisho, watu wakikubali. Tulikaa tena Jumapili, na mara hii alikuja, akasimama, akayarudia maneno yake mbele ya wote. Maalim alitaka iishie hapo hapo, na aliniomba kwa upole, mbele ya watu, nimsamehe. Nilikataa. Nikasema miaka mitatu nje ya Johannesburg, popote atakapo, na hakuna mtu wetu atakayempigia simu huko anakokwenda kumharibia. Na siku ya kuondoka, kuanzia mlango wa duka lake mpaka barabara kuu, hakuna atakayemtukana wala kumgusa. Watu wakakubaliana. Yeye aliitikia kwa kichwa tu. Alisema ana binamu Durban.

Aliondoka siku ya kazi. Alikodi bakkie, pikapu ndogo, pamoja na dereva wake, Mzulu mmoja mtu mzima ambaye alisema mapema kwamba mgongo wake ni mbovu, yeye kazi yake ni usukani. Nilifunga karakana nikaenda kusimama upande wa pili wa barabara, pamoja na Mrundi na mama wa saluni, kuhakikisha ahadi yetu inatimizwa. Ilitimizwa. Watu walipita, wakatazama mbele.

Alipakia visu, mizani, ndoano, masanduku, godoro. Mwisho ikabaki mashine ya kukatia mifupa, ya chuma kitupu, ambayo ililetwa dukani na watu wanne. Aliisukuma mpaka ukingoni mwa njia ya miguu. Alijaribu kuinua upande mmoja, ikainuka kidogo, ikarudi. Akajaribu tena kwa kuweka mbao. Dereva alisema eish, akawasha sigara. Muuza nyama akageuka akatutazama. Hakuomba.

Mama wa saluni aliniinamia. "Papa, tumusaidie tu, aende."

"Njia nimempa," nilimwambia. "Mikono sijampa."

Mrundi aliutoa mkono wake mfukoni, kisha akaurudisha. Upande wa pili muuza nyama alifungua sanduku la spana, akapiga magoti, akaanza kuifungua ile mashine kipande kwa kipande, akipakia kila kipande kinapotoka. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo wote. Ilipofika zamu ya kitako chake, kizito kuliko vyote, alikizunguka mara kadhaa, akafuta mikono kwenye suruali, akapanda gari.

Bakkie ilipokata kona, wale wawili walirudi kazini. Mimi nilibaki. Baada ya muda walikuja waokota vyuma na mkokoteni wao, vijana wanne, wakakitazama kile kitako, wakahesabu kwa Kizulu, wakakiinua kwa pamoja. Mmoja wao akaniuliza kama ni changu. Nikamwambia hapana, chukueni.